Samaki Waliopitishwa Langoni

Wenzangu mliobaki ofisini mmenitaka niwaandikie jambo la kuwafaa. Sitaandika kuhusu vyeo wala mishahara. Hayo hayajawahi kumfundisha mtu namna ya kumpasua samaki. Nitafuata mfululizo wa miaka, na kila mahali nitasema wazi ni lipi nililoliona kwa macho yangu na ni lipi nililoambiwa. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini ninalishikilia jambo hilo.

Siku ya kwanza niliyoripoti Kajiado kama afisa wa afya ya samaki, nilipewa meza, darubini yenye lenzi moja iliyoingia ukungu, na ndoo. Bawabu alisoma barua yangu ya uteuzi, akaitazama ardhi kavu iliyotuzunguka, kisha akanitazama mimi.

"Samaki gani, mzee?"

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, lakini tai niliyovaa ilimfanya aniite mzee. Nilimjibu kwamba watakuja.

"Watakuja na lori ama kwa miguu?"

Kwa miaka kadhaa swali lake lilikuwa la haki. Nilikagua samaki walioletwa sokoni Kitengela kwa ajili ya wapangaji waliotoka magharibi mwa nchi, watu wasioweza kumaliza wiki bila tilapia mezani. Siku nyingine nilisaidia wenzangu wa mifugo kubeba damu ya ng'ombe. Baadaye ukame ulirudiarudia, ardhi ikakatwa viwanja na kuzungushiwa nyaya, na familia ambazo wazee wao hawakuwahi kutia samaki kinywani zikaanza kuchimba mabwawa na kuyatandika karatasi nzito ya plastiki. Samaki walikuja na lori, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa ya oksijeni. Bawabu alikuwa bado yupo, na alisimama kuwapigia saluti.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Wairimu, fundi wa maabara jijini Nairobi nilikopelekwa kwa mafunzo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyeketi. Kila nilipomletea habari aliuliza kwanza, "Umeona au umeambiwa?" Nikisema nimeambiwa, alirudi kwenye sahani zake za kuoteshea bakteria kana kwamba sikuingia.

Sheria yake ya kwanza ilihusu maiti. Samaki aliyekufa asubuhi katika jua la Kajiado, adhuhuri amejaa bakteria wa kila namna, na wengi wao wameingia baada ya kifo. Ukimpasua huyo utapata washukiwa mia moja. Alitaka nimletee samaki anayekufa, si aliyekwisha kufa. "Aliyekufa hana ushahidi," alisema, "ana uvundo."

Siku moja alimpasua tilapia mbele yangu, akasukuma kibofu cha hewa kando kwa ncha ya mkasi, akanionyesha figo, utepe mwekundu uliokolea, uliolala chini ya uti wa mgongo. Akagusa sehemu yake ya mbele, karibu na kichwa.

"Hapa," alisema, "panatengenezwa seli za kupigana na maradhi. Na hapa hapa, ndani ya nyama hii hii, panatoka kortisoli. Sasa fikiria mwenyewe."

Nimefikiria kwa miaka thelathini. Samaki akishtuka, iwe kwa ndege, kwa wavu au kwa msongamano, sehemu hiyo humwaga kortisoli katika damu. Homoni hiyo hufungua akiba ya sukari ili samaki apate nguvu za kukimbia. Wakati huo huo mwili huahirisha kazi zinazoweza kungoja: ukuaji, uyeyushaji wa chakula, na ulinzi dhidi ya bakteria. Seli za kinga hupungua katika damu, na zinazobaki hupigana kwa ulegevu. Ute unaofunika ngozi hudhoofika. Kwa hofu moja hakuna hasara kubwa. Samaki aliyemponyoka korongo hutulia baada ya saa kadhaa, na mwili ukarudia shughuli zake. Madhara huja pale hofu ya pili inapofika kabla ya ile ya kwanza kwisha, na ya tatu ikaifuata, hadi kortisoli ikawa haishuki. Hapo bakteria waliokuwa majini siku zote bila kumdhuru yeyote hugeuka wauaji, ingawa wao wenyewe hawakubadilika hata kidogo.

Tabu ni kuipima. Mashine ya kupima kortisoli sikuwahi kuwa nayo. Nilipima sukari ya damu, ambayo ni nyayo za homoni hiyo, kwa kifaa kile kile kidogo wanachotumia wagonjwa wa kisukari, nilichokinunua dukani Kitengela. Hata hivyo, kumkamata samaki ni kumtisha, na ukichelewa dakika chache unapima hofu uliyoileta wewe. Kwa hiyo nilijizoeza kuchota samaki mmoja kwa mara moja, kumtia haraka katika ndoo yenye matone ya mafuta ya karafuu ili alale, na kuvuta damu mkiani kabla mwili wake haujatambua kilichotokea. Jizoezeni hivyo. Mkono wa polepole hutoa majibu ya uongo.

Sasa nifike kwenye kesi ninayotaka muijue.

Mzee Lemayian aliishi kati ya Kitengela na Isinya. Ukame ulipomwachia ng'ombe wachache, aliwauza, akachimba kisima na bwawa, akaweka tilapia. Nilimtembelea siku alipopokea vifaranga. Nilipima maji, nikamsifu kwa usafi wa mahali pake, nikamwachia karatasi ya ushauri kama tunavyofanya sote. Miezi mitano baadaye, siku ya Ijumaa asubuhi, alinipigia simu kwamba samaki wanakufa na aliyewaua amejulikana.

Nilimkuta amesimama kando ya bwawa, shuka begani na gambuti miguuni. Tulisalimiana kwa Kimaasai.

"Sopa, daktari."

"Epa, mzee."

Sikuwahi kuwa daktari. Miaka mitano ya kwanza nilimsahihisha kila mtu, kisha nikachoka.

"Maji iko sawa, chakula iko sawa," alisema. "Shida ni huyu mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Barasa, mfanyakazi wake, mwanamume wa makamo aliyetoka Busia na aliyewahi kufanya kazi ya mabwawa huko. Aliishi hapo shambani na mkewe na watoto watatu. Alikuwa ameketi juu ya gunia la chakula cha samaki, mikono kati ya magoti. Alhamisi, mbele ya majirani waliofuata maji kisimani, Mzee Lemayian alimwita muuaji. Jumatatu angempeleka kwa chifu, na kutoka kwa chifu angempeleka polisi.

"Ameonekana akimwaga kitu nyeupe kwa maji," mzee alisema.

"Nani alimwona?"

"Jirani."

"Jirani alionja?"

"Daktari, hii si mambo ya kucheka."

"Sicheki, mzee. Nauliza."

Barasa akainua kichwa. "Ilikuwa chumvi, daktari. Kule kwetu samaki ikigonjeka tunaweka chumvi kidogo, inapata nguvu. Gunia iko hapo ndani, mtu yeyote aende aangalie."

Niliangalia. Ilikuwa chumvi. Katika eneo letu uangalifu huo ni wa lazima, kwa kuwa magadi pia ni meupe, na gunia la magadi likimwagwa bwawani huua. Nilipima ukali wa maji. Hapakuwa na dalili ya magadi. Oksijeni ilitosha. Amonia ilikuwa kidogo sana. Jirani mwingine, aliyekuja kutazama bila kualikwa, alinieleza kwamba sumu ilipita ardhini kutoka kwenye mashamba ya maua. Nilimuuliza kama ameona au ameambiwa. Alisema kila mtu anajua. Nikarudi kwenye ndoo yangu.

Samaki wagonjwa walikuwa weusi kuliko kawaida, macho yamewatoka, wengine wakiogelea kwa kuzunguka kama waliopoteza njia. Niliwachukua watatu waliokuwa wangali hai, nikawapasua, nikapaka ute wa figo kwenye kioo, nikautia rangi. Chini ya darubini niliona vijiduara vilivyoungana kama shanga. Nilimwonyesha Mzee Lemayian. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hizo ndizo sumu?"

"Hizo ni bakteria."

"Nani ameziweka?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Afisa mvivu angeandika jina la bakteria, akaagiza dawa na kwenda nyumbani. Lakini bakteria wa aina hiyo huishi katika mabwawa mengi yasiyo na mgonjwa hata mmoja. Nilichopaswa kujua ni kwa nini samaki hawa, katika maji haya mazuri, walishindwa kujilinda.

Mke wa mzee, Mama Naserian, ndiye aliyenisaidia, ingawa alikuja kunisuta tu.

"Na zangu, daktari? Hukuji kuangalia zangu?"

Sikujua kwamba ana zake. Nyuma ya nyumba alikuwa na bwawa dogo, la vifaranga walioletwa siku ile ile, waliojaziwa maji ya kisima kile kile na kulishwa chakula kile kile kwa mkono wa Barasa yule yule. Hata chumvi Barasa alikuwa ameigawa sawasawa. Samaki wa Mama Naserian walikuwa wanene na wepesi. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Niliketi juu ya ndoo, nikafikiri. Kama kisima kilikuwa na sumu, hawa pia wangekufa. Kama Barasa alikuwa muuaji, alikuwa muuaji wa ajabu, anayewaua wa bwana na kuwanenepesha wa bibi. Niliomba ruhusa ya kuvuta damu kwa samaki wachache kila upande, na kuwapasua wawili wa Mama Naserian ili nipeleke figo zao maabara pamoja na za wale watatu.

"Chukua zile mbayambaya," alisema.

"Hakuna mbaya."

"Basi chukua, lakini usizoee."

Sukari ya samaki wa Mama Naserian ilikuwa ya chini na ya kutulia. Ya samaki wa mzee ilikuwa juu, kwa kila niliyempima, tena mchana wenye utulivu ambapo hapakuwa na cha kuwashtua. Kuna kitu kilikuwa kinawatisha mara kwa mara. Nilimuuliza mzee kama kuna ndege, mbwa, watoto wanaorusha mawe. Akasema hakuna. Nikamuuliza samaki wake hufanyiwa nini kutwa nzima. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ngoja saa kumi na moja," alisema. "Utaona vile mimi nachunga."

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu, Barasa aliingia bwawani na wavu mrefu, jirani mmoja akashika ncha ya pili. Waliuburuta kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, wakawabana samaki wote katika pembe moja hadi maji yakachemka kwa mikia. Kisha Mzee Lemayian akaingia kwa gambuti zake, akashika wavu, akafungua nafasi ndogo upana wa bega. Samaki wakaanza kupita hapo, wawili wawili, watatu watatu, naye ameinama akimtazama kila mmoja. Aliyemtilia shaka alimnyanyua kwa mkono, akamwangalia macho na mdomo, akamrudisha. Shughuli hiyo ilichukua karibu saa nzima.

Sikuhitaji kuelezwa. Mtu yeyote aliyeishi Kajiado amewaona wazee wakisimama langoni mwa boma jioni, ng'ombe wakiingia mmoja mmoja, na mzee akimtambua anayechechemea na aliyekosa hamu ya malisho. Ndiyo elimu yao ya mifugo, na kwa ng'ombe ni elimu bora kuliko nyingi nilizosomea. Ng'ombe hupita langoni bila hofu. Samaki aliyebanwa kwenye wavu huamini kwamba anakufa, na hawa waliamini hivyo kila jioni kwa miezi mitano.

"Mzee," nilisema alipotoka majini, "nani alikwambia ufanye hivi?"

"Wewe."

Alitoa karatasi mfukoni mwa koti, imekunjwa vizuri ndani ya plastiki. Ilikuwa karatasi yangu ya ushauri. Katika mstari wa tatu, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeandika: Waangalie samaki wote kila siku. Sikuandika kwa vipi. Nilimaanisha asimame ukingoni wakati wa kulisha, awatazame wanavyopanda kula. Nilimwandikia mchungaji kana kwamba namwandikia mtu aliyezaliwa kando ya ziwa.

Barasa alikuwa bado majini, akikunja wavu. "Mimi nilimwambia samaki haipendi hii maneno," alisema bila kunitazama. "Akasema mimi ni mvivu."

"Mtu wa kazi akilalamika juu ya mifugo," Mzee Lemayian akajibu, "na kesho mifugo inaanza kufa, wewe ungefikiria nini?"

"Mimi nilisema zangu haziendi gwaride," Mama Naserian akadakia kutoka mlangoni.

"Wewe nyamaza. Zako ni za kitoweo."

"Kitoweo kinaishi."

Nilikuwa na hali ngumu. Nilikuwa na dalili nzuri, lakini uthibitisho kamili sikuwa nao, na maisha yangu yote nimewadharau watu wanaotangaza sababu kabla ya kuithibitisha. Ningeweza kusema kwamba ninasubiri majibu ya maabara. Hiyo ingekuwa kauli safi ya kitaalamu, na Jumatatu Barasa angesimama mbele ya chifu. Basi nilisema kile nilichokijua, bila kuongeza. Nilisema kwamba maji hayana sumu, nimepima. Kwamba alichomwaga Barasa ni chumvi, nimeona. Kwamba mabwawa mawili yanatofautiana kwa jambo moja tu, na jambo hilo limeandikwa na mimi. Nikamwomba wiki tatu: wavu ukae ghalani, Barasa akae kazini.

"Na zikiendelea kufa?"

"Utaandika barua kwa mkubwa wangu, na mimi nitakupa kalamu."

Alikubali kwa kichwa tu. Tangu Alhamisi alikuwa hamtaji Barasa kwa jina. Alikuwa akisema "huyu mtu", hata anapomtuma.

Siku nne za kwanza samaki waliendelea kufa, na ya nne ilikuwa mbaya kuliko zote. Alinipigia simu.

"Daktari, zinakufa. Mimi naenda kwa chifu."

Nilimweleza kwamba hao waliambukizwa kabla wavu haujasimamishwa, na kwamba kinga ya mwili hairudi kwa siku moja. Nikasikia sauti ya mkewe ikisema, "Uliahidi wiki tatu, si siku tatu," naye akakata simu. Sikulala vizuri, nawaambieni hilo ili msidhani kwamba uhakika huja mapema. Sikuagiza dawa, kwa sababu samaki mgonjwa hali, na dawa iliyochanganywa na chakula ingeishia kwa wazima na majini. Hata hivyo, niliwaza mara nyingi kwamba huenda nimekosea, na kwamba kosa langu angelipia mtu mwingine.

Wiki ya pili majibu ya maabara yalifika. Bakteria wale wale walikuwa wamepatikana katika figo za samaki wawili wa Mama Naserian, wale wanene, wazima. Samaki hao walikuwa wanaishi nao, na miili yao ilikuwa imewazuia. Nilisoma mstari huo mara tatu. Wiki hiyo hiyo vifo bwawani kwa mzee vilipungua, na kabla ya wiki ya tatu kumalizika vilikoma. Nilirudi kupima damu. Sukari ilikuwa imeshuka, ingawa haikufika ya upande wa pili. Karibu nusu ya samaki walikuwa wamekwisha kufa, na hao hakuna ripoti iliyowarudisha.

Tangu wakati huo, kila ushauri niliouandika niliusoma kwa sauti mbele ya mwenye mifugo, kisha nikamwomba anionyeshe kwa mikono atakavyoufanya kesho. Inachosha na inakula muda. Fanyeni.

Nilipompa Mzee Lemayian majibu yale nyumbani kwake, mbele ya mkewe na Barasa, aliniambia jambo limekwisha, Barasa anaweza kuendelea na kazi. Barasa akasema halijakwisha. Alilisema kwa adabu, kofia mkononi. "Mzee, uliniita muuaji pale kisimani, watu wakiwa kwa laini. Hapa ndani ya nyumba hakuna mtu alisikia."

Mzee Lemayian alimtazama, akanitazama mimi, kisha akamtazama mkewe, ambaye hakumsaidia. Akachukua fimbo yake, akatoka. Sisi tukamfuata.

Kisimani palikuwa na watu kumi hivi na mitungi yao, na jirani aliyeona kitu cheupe alikuwa miongoni mwao. Nilisema kwanza, kwa ufupi, kwamba ushauri uliosababisha vifo ulikuwa wangu. Walinisikiliza kwa heshima wanayopewa wageni. Kisha mzee akapiga fimbo chini.

"Huyu hakuua samaki," alisema. "Ni mimi nilikuwa nazitisha kila siku, nikifikiri nazichunga. Yeye aliniambia, nikakataa kusikia. Mtu akiniambia tena amemwona akifanya hivi au vile, aniambie yeye akiwa hapo."

Mtungi mmoja uliokuwa ukijazwa ulifurika, mwenye mtungi akafunga bomba. Mzee Lemayian akamgeukia Barasa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa, kama wanavyoitwa watu wenye nyumba zao.

"Baba Nekesa," alisema, "wafungulie watu maji ya kunywa."

Barasa hakuharakisha. Alivaa kofia yake, akakunja mikono ya shati, akanawa hadi viwikoni na kujikausha kwa upindo wake, sote tukingoja, Mzee Lemayian akingoja pamoja nasi.